Fimbo za Zamani, Mwanafunzi Mpya: Je, Chuma Kisichosamehe Hufundisha Gofu?

Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, ni mji wa kahawa, mahindi na maharage. Haujulikani kwa gofu. Anayetaka kucheza kwenye uwanja wenye mashimo hutoka hadi Mpemba, akashika barabara kuu ya kwenda Mbeya, kisha akasafiri zaidi ya kilomita 300 mpaka kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Asiporidhika na huko, kuna Morogoro, kuna Lugalo na Gymkhana jijini Dar es Salaam, na kaskazini kuna Arusha na Moshi. Vyote viko mbali na Ileje.

Wacheza gofu duniani kote hubishana juu ya jambo moja: anayeanza ajifunze kwa fimbo za chuma za zamani, zile zisizosamehe kosa, au atafute za kisasa zinazombeba? Wanaotetea za zamani husema ukali wake hujenga mchezaji. Wanaotetea za kisasa husema maisha ni mafupi na mchezo wenyewe ni mgumu vya kutosha. Ukiuleta ubishi huo Ileje, unabadilika sura. Fimbo zikifika huku hufika zimeshatumika: zawadi ya ndugu aliyefanya kazi klabuni, seti iliyoachwa na mgeni aliyehama, au namba mbili tatu zilizopatikana kwenye mitumba. Mwanafunzi hana nafasi ya kuchagua. La kujiuliza ni kama hizo alizozipata zitamfundisha au zitamkatisha tamaa.

Jibu la uchambuzi huu ni kwamba chuma cha zamani ni shahidi mzuri lakini si mwalimu. Kitakuambia kwamba umekosea. Hakitakuambia umekosea wapi, wala ufanye nini. Wanaokisifu wamechanganya kazi hizo mbili, na wanaokikimbia wameogopa kitu ambacho kwa sehemu kubwa si cha kuogopesha.

Kilichobadilika kwenye chuma

Fimbo ya chuma ya zamani ina kichwa kidogo na chembamba, mgongo wake ukiwa bapa au umenenepa kidogo katikati. Uzito wote umekusanyika nyuma ya sehemu moja ya uso. Mpira ukigongwa hapo, mikono haihisi mtikisiko wowote na mpira huondoka kwa kasi yake yote. Ukigongwa pembeni, upande wa ncha au upande wa shingo, kichwa hujipinda, nguvu hupotea, na viganja huwaka, hasa asubuhi za baridi ya nyanda za juu.

Aliyebadilisha mambo ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, mhandisi wa kampuni ya General Electric. Mwaka 1959 alitengeneza fimbo ya kusukumia mpira shimoni iliyokuwa na uzito kwenye ncha mbili badala ya katikati, akaiita Ping kwa sauti iliyotoa. Katika miaka ya 1960 alihamishia wazo hilo kwenye fimbo za chuma: akachimba mgongo wa kichwa, akapeleka chuma kilichotolewa kwenye kingo. Uzito ukiwa mbali na katikati, kichwa huwa kigumu kujipinda kinapogongwa pembeni. Toleo la Ping Eye2, lililotoka mwaka 1982, liliusambaza mtindo huo dunia nzima, na leo karibu kila seti ya wanaoanza imetengenezwa hivyo.

Badiliko la pili halisemwi sana, ingawa kwa mwanafunzi lina uzito mkubwa zaidi. Namba zilizochongwa chini ya fimbo hazimaanishi tena kile zilichomaanisha zamani. Namba 7 ya miaka ya 1970 uso wake ulilala kwa nyuzi 36 hadi 38 hivi. Namba 7 ya seti nyingi za wanaoanza leo ina nyuzi 30 au pungufu, na shafti yake, yaani mpini, ni ndefu kidogo. Viwanda vimesimamisha uso na kubakiza namba ileile, kisha vikatangaza kwamba fimbo mpya hupeleka mpira mbali. Kijana wa Itumba akipiga namba 7 ya mwaka 1975, mpira ukaishia pale unapoishia mpira wa namba 9 ya kisasa, hakuna alipokosea. Amepiga fimbo yenye ulalo unaokaribiana na wa hiyo namba 9.

Hapo pana faida iliyojificha. Uso uliolala zaidi huinua mpira kwa urahisi na hupunguza kupinda kwake angani. Kwa hiyo namba 8, namba 9 na fimbo ya kupandishia ya seti ya zamani haziogopeshi kama sifa zake zinavyodai. Za kuogopa ni namba 2, 3 na 4, zenye uso uliosimama, shafti ndefu na kichwa chembamba. Hizo zinataka kasi na usahihi ambao anayeanza bado hajaupata. Mtu akipewa mfuko wa fimbo za zamani, hatua ya kwanza ya busara ni kuziweka hizo tatu darini.

Msamaha una mipaka

Neno kusamehe limewapotosha wengi. Linamfanya mnunuzi aamini kwamba fimbo ya kisasa huchukua pigo baya na kuligeuza kuwa zuri, na linamfanya mpenda ya kale aamini kwamba fimbo hiyo huficha makosa ambayo mwanafunzi angepaswa kuyaona. Wote wawili wametia chumvi.

Yahesabu makosa ya anayeanza. La kwanza, hupiga ardhi kabla ya mpira. La pili, hupiga kichwa cha mpira, ukabingirika chini kwa chini. La tatu, uso wa fimbo huwa wazi au umefunga wakati wa kugusana, mpira ukaenda kulia au kushoto. La nne, hugonga kwa ncha au kwa shingo ya fimbo. Uzito uliopelekwa kwenye kingo unatibu kosa la nne. Soli pana ya fimbo za kisasa, yaani sehemu ya chini ya kichwa, inapunguza madhara ya la kwanza, kwa sababu huteleza juu ya nyasi badala ya kuzama. La tatu, ambalo ndilo hupoteza mipira mingi vichakani, halina dawa katika umbo la fimbo.

Vipimo vya rada vilivyoenea viwanjani tangu miaka ya 2000 vimelionyesha hilo bila shaka. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mpira huanza safari ukifuata zaidi uelekeo wa uso wa fimbo, kisha hupinda kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya uelekeo wa uso na njia ambayo fimbo imepita. Uso ukiwa wazi, mpira utakwenda kulia kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, fimbo iwe ya mwaka 1960 au ya mwaka jana.

Maana yake ni kwamba misingi ya gofu haijui umri wa fimbo. Namna ya kushika, namna ya kusimama, mahali pa kuweka mpira, kuelekeza mabega na miguu, mdundo wa swingi, yaani mzunguko wa fimbo: yote haya hujifunzwa sawasawa kwa chuma chochote. Harry Vardon, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey aliyeeneza mshiko wa vidole kupandana ambao bado unafundishwa, alitwaa mashindano makuu ya The Open mara 6 kati ya 1896 na 1914 akitumia fimbo zenye shafti za mbao. Bobby Jones alishinda mashindano makuu yote manne ya mwaka 1930 kwa shafti za mbao pia. Misingi waliyoifuata ndiyo inayofundishwa Lugalo leo.

Ushahidi wa makedi na wa Ballesteros

Watetezi wa chuma kikali wana hoja moja yenye nguvu: historia. Gofu ilifika Afrika Mashariki na ukoloni. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na viwanja vikafuata kwenye miji ya utawala, migodini na kwenye mashamba makubwa. Mwafrika aliingia uwanjani akiwa amebeba mfuko wa mwingine. Wabeba mifuko hao, makedi, walijifunza kwa fimbo zilizotupwa na wanachama, mara nyingi moja tu, na kutoka kwao wakapatikana wachezaji wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kama chuma kibovu kilizaa mabingwa, kina ubaya gani?

Mfano mkubwa wa hoja hiyo duniani ni Severiano Ballesteros. Alizaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Hispania, na utotoni alikuwa na fimbo moja, namba 3 kuukuu, aliyoipiga ufukweni juu ya mchanga. Wapenzi wa gofu wa Nairobi walimwona mwaka 1978 alipotwaa Kenya Open, mashindano yaliyoanza mwaka 1967. Mwaka uliofuata alishinda The Open, na baadaye akaongeza mataji mengine manne makuu. Namba 3 ndiyo fimbo ambayo aya za juu zimeshauri ipelekwe darini. Je, ushauri umeanguka?

Haujaanguka, kwa sababu mbili. Kwanza, tunawasikia waliofika. Kwa kila mtoto aliyeanza na chuma kimoja akawa bingwa, wapo wengi walioanza nacho hichohicho, viganja vikawauma, wakarudi kwenye mpira wa miguu, na hakuna aliyeandika habari zao.

Pili, ukiyatazama maisha ya Ballesteros na ya makedi, chuma ndicho kitu cha mwisho kwenye orodha ya waliyokuwa nayo. Ballesteros alikulia jirani na uwanja wa Pedreña. Kaka zake watatu wakawa wachezaji wa kulipwa, na mjomba wake Ramón Sota alikuwa miongoni mwa wachezaji bora wa Hispania, aliyeshika nafasi ya 6 kwenye mashindano ya Masters ya mwaka 1965. Mtoto huyo alizungukwa na macho yaliyojua swingi nzuri inafananaje. Kedi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam naye aliona mamia ya mapigo kila wiki, mazuri na mabaya, akiwa hatua chache kutoka kwa mpigaji. Alijua kusoma safari ya mpira kabla hajamiliki fimbo. Alikuwa na ardhi ya kufanyia mazoezi uwanja ukiwa mtupu, na alikuwa na wenzake wa kushindana nao.

Chuma kikali kilikuwa shahidi, na waliomzunguka walijua kuusoma ushahidi wake. Ukimpa mtoto wa Itumba fimbo ileile bila macho hayo, umempa malalamiko yasiyo na tafsiri.

Kosa linafundisha lini?

Tafiti za namna binadamu anavyojifunza mwendo zinaunga mkono tahadhari hii. Mwaka 2001 watafiti Maxwell, Masters na wenzao walichapisha jaribio la kusukuma mpira shimoni. Kundi moja lilianzia karibu kabisa na shimo, likawa linarudi nyuma kidogo kidogo, hivyo likakosea mara chache. Kundi jingine lilianzia mbali, likakosea sana mwanzoni. Baadaye wote walipewa kazi nyingine ya akili ya kufanya wakati wanapiga. Kundi lililojifunza kwa makosa machache halikuyumba. Lile la makosa mengi lilishuka. Maelezo ya watafiti ni kwamba anayekosea mno mwanzoni hujaza kichwa sheria za kujirekebisha, na sheria hizo humkaba pale anapopaswa kucheza tu.

Jaribio jingine, la Gabriele Wulf na wenzake la mwaka 1999, liliwahusu watu waliokuwa wanajifunza mapigo mafupi ya gofu. Walioambiwa wafikirie mwendo wa fimbo walipiga kwa usahihi zaidi kuliko walioambiwa wafikirie mikono yao.

Yaweke pamoja. Imani kwamba adhabu nyingi mapema hukomaza mchezaji haina msingi imara. Lakini matokeo hayohayo hayasemi ununue fimbo mpya. Yanasema upange mazoezi ili kosa liwe dogo na lisiwe la kila pigo. Namba 9 ya zamani inayopigwa nusu swingi kwa umbali mfupi humpa mwanafunzi makosa machache kuliko namba 5 mpya kabisa inayopigwa kwa nguvu zote. Ukali wa zoezi unaweza kumuumiza mwanafunzi kuliko ukali wa fimbo.

Fimbo isiyomfaa aliyeishika

Kuna jambo linalomdhuru mwanafunzi kuliko umbo la kichwa, na kwenye ubishi wa zamani dhidi ya mpya husahaulika: fimbo za mitumba nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mwanamume mzima mwenye nguvu. Shafti za chuma za zamani huwa na uzito wa gramu 120 na zaidi, na nyingi ni ngumu kupinda. Msichana wa sekondari au mtoto wa miaka 10 akipewa fimbo hiyo atainua mabega, atakunja viwiko na kuegemea nyuma ili aweze kuizungusha. Hayo ndiyo makosa yatakayomfuata miaka yote, na yametokana na uzito na urefu.

Watu wengi hukata shafti ili ifae mtoto. Inasaidia urefu, lakini shafti iliyokatwa huwa ngumu zaidi, kwa hiyo ikatwe fimbo nyepesi kuliko zote zilizopo, na mtoto apige mapigo mafupi tu mpaka mwili umkubalie.

Mpira wa mshikio nao huzeeka. Ukikauka na kung'aa, mkono huteleza, na anayeteleza hukaza ngumi. Mkono uliokazwa huua swingi kabla haijaanza. Maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi hurudisha sehemu ya mnato. Usiporudi, badilisha mshikio kabla hujafikiria kubadilisha fimbo.

Kisha usalama. Gundi ya pale kichwa kinapoungana na shafti huchoka, na shafti ya chuma huweza kuoza kwa kutu kutokea ndani. Shika kichwa kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, uvitikise na kuvizungusha kinyume. Kikicheza hata kidogo, fimbo hiyo isipigwe mpaka itengenezwe. Kichwa cha chuma kinachochomoka katikati ya swingi kinaweza kuua.

Ardhi nayo ina neno. Soli nyembamba ya fimbo ya zamani hufanya kazi vizuri kwenye ardhi kavu na ngumu ya kiangazi. Masika ya Ileje yakishalainisha udongo, soli hiyo huchimba na kukwama. Mwanafunzi anayejifunza wakati wa mvua aweke mpira juu ya kijiti au kishungi cha nyasi, wala asijilaumu kwa kila pigo linalozama.

Namna ya kumsoma shahidi

Kama fimbo ya zamani hutoa ushahidi tu, kazi ya mwanafunzi asiye na kocha ni kuufanya ushahidi huo uonekane. Vifaa vyake vipo Itumba.

Paka chaki ya shule kwenye uso wa fimbo. Baada ya pigo, alama ya mpira itabaki pale ulipogusa. Viganja vya anayeanza havijui kutofautisha ncha na shingo, chaki inajua. Alama zikikusanyika upande wa shingo, huenda umesimama karibu mno au mwili umeusogelea mpira. Zikikaa kwenye ncha, huenda uko mbali au umevuta mikono.

Chora mstari wa majivu chini, usimame ukiwa umeuweka katikati ya miguu, kisha upige swingi bila mpira. Fimbo inapaswa kugusa ardhi kwenye mstari au mbele yake kidogo, upande wa shabaha. Ikigusa nyuma, uzito wa mwili umebaki mguu wa nyuma. Zoezi hili halipotezi mpira hata mmoja, nalo hufundisha jambo ambalo hakuna fimbo ya bei yoyote inayoweza kumfanyia mtu.

Laza fimbo ya pili chini ielekee shabaha, ili miguu na mabega yafuate. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu, mara moja kutoka mbele na mara moja kutoka nyuma ya mstari wa shabaha. Picha ya simu haichukui nafasi ya kocha, lakini inarudisha sehemu ya yale macho waliyokuwa nayo makedi.

Mpangilio uwe wa kutoka karibu kwenda mbali. Anza na mapigo ya hatua chache, mpira uvuke kamba iliyolazwa na kusimama kwenye duara lililochorwa. Ukishalizoea, rudi nyuma. Kisha nusu swingi, kisha robo tatu. Swingi kamili ije mwisho, nayo ianze na namba 9. Mpira wa gofu una gramu 45 na ushee na ni mgumu; kwenye uwanja wa shule au karibu na njia ya watu tumia mpira wa sponji au wa makaratasi yaliyofungwa kamba. Mpira halisi upigwe pale tu palipo wazi kabisa.

Hukumu

Nani basi abadilishe fimbo? Mtu mzima aliyeanza umri umeenda, mwenye fedha na muda mchache, anayetaka kufurahia wikiendi, anunue za kisasa zilizotumika. Zitampunguzia maumivu na hazitamharibia msingi. Mtoto na mwanamke wapewe kwanza fimbo nyepesi, za zamani au mpya. Kijana mwenye nguvu, mwenye muda na mtu wa kumtazama, ataendelea vizuri na chuma cha zamani, mradi aanze na fupi. Aliye peke yake, bila kocha wala mwenzake, asidanganywe kwamba ukali wa fimbo utafanya kazi ya mwalimu.

Fedha za kununulia seti mpya, kwa mtu wa Ileje, zitazaa zaidi zikilipia mishikio mipya, mipira, na safari moja ya Mufindi akiwa na kocha wa kumrekebisha mshiko na kusimama. Chama cha Gofu Tanzania na klabu za mijini nazo zina wajibu. Zinapogawa fimbo kuukuu mikoani, zichambue kwanza: zitoe fupi na nyepesi, zikague shingo na mishikio, na zimtume mtu wa kukaa na vijana angalau siku chache. Fimbo bila mtu wa kuifundisha ni nusu ya msaada.

Na wewe uliyeletewa namba 9 yenye kutu, isugue, ikague, ipake chaki, uanze na hatua tano kutoka kwenye duara. Ukiweza kuusimamisha mpira humo mara nyingi kuliko unavyokosa, ndipo ongeza umbali.